Kinga Iliyozaa Mwendo: Historia ya Barabara ya Mombasa na Malindi

Katika miaka ya 1930, mtu aliyetoka Mombasa kwenda Malindi kwa gari alivuka maji mara tatu. Kwanza alitoka kisiwani kwenda Nyali, ambako mwaka 1931 palikuwa pamewekwa daraja la kuelea, la kulipia. Mbele yake lilikuwapo hori la Mtwapa. Hapo kivuko kilivutwa kwa mnyororo, kwa nguvu za mikono, na wavutaji wakifanya kazi yao kwa nyimbo. Nusu ya safari akafika kwenye hori la Kilifi, Mnarani upande wa kusini na mji upande wa kaskazini, napo akangoja kivuko tena. Umbali wote ni kama kilomita 120, lakini ulimla mtu siku.

Katika safari ya namna hiyo, kukimbia hakukuwa na faida. Dereva aliyewahi kufika Mtwapa alikaa kwenye foleni hadi yule aliyekuja polepole akamkuta, wakavuka pamoja. Mwendo wa barabara uliamuliwa na maji na mnyororo, wala si na mguu wa dereva.

Tangu wakati huo barabara hii imepata lami, imepata madaraja, imepata mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na kofia ngumu za waendesha pikipiki. Kila kimojawapo kililetwa ili watu wafike salama, na vingi vimeokoa maisha. Lakini karibu kila kimoja kilimpa dereva nafasi ya kwenda kasi zaidi au kuthubutu zaidi kuliko jana, naye hakuiacha nafasi hiyo ipotee. Usalama mpya umekuwa kama mshahara ulioongezwa: kabla mwezi haujaisha umeshatumika, na anayeulipia mara nyingi si yule aliyeutumia.

Bahari iliyofungwa

Watu wa pwani hii walikuwa na elimu ya hatari muda mrefu kabla ya gari la kwanza. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi Aprili 1498, alichohitaji zaidi ya maji na chakula kilikuwa rubani. Alimpata, akang'oa nanga mwishoni mwa mwezi huohuo, na mnamo tarehe 20 Mei akafika Calicut. Kwa Wareno ilikuwa safari nyepesi. Kwa mabaharia wa Malindi lilikuwa jambo la kalenda tu: pepo za kusi ndiyo kwanza zimeanza, na chombo kinachoondoka wakati huo kinasukumwa hadi Bara Hindi. Kingechelewa hadi Juni au Julai, kusi ikiwa imekomaa, kingekutana na bahari isiyoingilika.

Ndiyo maana katika miezi hiyo majahazi yalipandishwa ufukoni, yakakwanguliwa na kutiwa kalafati, na bahari ikahesabiwa kuwa imefungwa. Nahodha hakuwa na redio wala boya la kujiokolea. Kinga yake ilikuwa kutokwenda. Hofu yake ilikuwa imesoma: ilijua mwezi, ilijua upepo, ilijua wimbi la mlangoni mwa mwamba. Kwa sababu hatari ilionekana kwa macho, hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Barabara ilibadilisha hilo. Kwenye lami iliyonyooka kati ya Vipingo na Kilifi, katikati ya mashamba ya mkonge, hatari haivumi wala haipigi povu. Gari la kilomita 100 kwa saa na la kilomita 60 kwa saa, kwa aliye ndani, hutofautiana kwa sauti ya injini tu.

Madaraja na hesabu ya tajiri

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi. Biashara hiyo ilipanuka nchi nzima, na Pwani haikubaki nyuma. Mwaka 1980 daraja jipya la Nyali lilifunguliwa, la zege, likachukua nafasi ya lile la kuelea. Huko Mtwapa wavutaji wa kivuko walikuwa wameshasahaulika, daraja limewapokea kazi. Kikabaki kivuko cha Kilifi peke yake, hadi mwaka 1991 lilipofunguliwa daraja refu lililojengwa kwa mkopo wa Japani, likipita juu sana ya hori, kiasi cha mashua kupita chini yake na matanga yamesimama.

Hakuna mtu wa Kilifi atakayekwambia daraja lile lilikuwa kosa. Kabla yake, mama mwenye uchungu aliyetakiwa kupelekwa Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa alisubiri kivuko pamoja na magunia ya korosho. Samaki wa Malindi waliharibika kwenye foleni. Daraja liliokoa roho na mali.

Lakini daraja lilifanya jambo jingine bila kelele. Lilimkabidhi dereva muda ambao zamani ulikuwa wa maji. Sasa dakika aliyoiokoa kwa kukimbia Kikambala ilibaki dakika yake hadi Malindi; hapakuwa tena na foleni ya kuimeza. Na katika biashara ya matatu dakika ni pesa, kwa maana ya moja kwa moja kabisa. Tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake jioni, kiasi kilichopangwa, gari limejaa au halikujaa. Kinachozidi ndicho cha dereva na makanga. Mafuta yakishatolewa na hesabu ikishatengwa, njia ya pekee ya kupata cha kupeleka nyumbani ni kuongeza safari moja, na safari moja zaidi haipatikani kwa kwenda kilomita 60 kwa saa.

Basi daraja halikumfanya dereva kuwa mtu mbaya. Lilimwondolea kizuizi, na hesabu ikamwonyesha namna ya kulitumia pengo.

Mikanda ya Ulaya, hesabu za Chicago

Wakati madaraja haya yakijengwa, mjadala mkubwa ulikuwa ukiendelea mbali na Pwani. Mwaka 1959 mhandisi wa Uswidi, Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo, alibuni mkanda wa kufungwa sehemu tatu, begani na kiunoni, ule unaojulikana hadi leo. Mwaka 1970 jimbo la Victoria nchini Australia lilikuwa la kwanza duniani kulazimisha watu kuufunga. Marekani tangu 1966 ilikuwa imetunga sheria za kulazimisha viwanda kutengeneza magari yenye mikanda, dashibodi laini na usukani usiomchoma dereva kifuani.

Ndipo mwaka 1975 mchumi Sam Peltzman wa Chuo Kikuu cha Chicago akatoa makala iliyowaudhi wengi. Alipiga hesabu za vifo vya barabarani kabla na baada ya sheria zile, akadai kwamba jumla yake haikupungua kama ilivyotarajiwa. Waliokuwa ndani ya magari walipona zaidi, alisema, lakini madereva walioona wamekingwa waliendesha kwa ujasiri zaidi, na mzigo ukawaangukia watembea kwa miguu. Wachumi na wahandisi wengi walimpinga, na uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba alipandisha mizani kupita kiasi: mkanda unapunguza hatari ya kufa kwa aliyekaa mbele kwa karibu nusu, na wepesi wa dereva kuthubutu haulambi faida yote hiyo. Hata hivyo swali lake halikufa. Kinga inapoingia garini, dereva anabaki yuleyule?

Jibu moja lilitoka Munich, Ujerumani, katika miaka ya 1980. Kampuni ya teksi ilikuwa na magari yenye breki mpya zisizofunga magurudumu na mengine yenye breki za kawaida, na madereva wakagawiwa bila kuchagua. Walifuatiliwa kwa miaka mitatu. Breki mpya zilikuwa bora bila shaka, lakini magari yenye breki hizo hayakupata ajali chache kuliko mengine. Watafiti waliopanda kama abiria, bila dereva kujua, waliona sababu: wenye breki bora walikata kona kwa ukali zaidi, walikimbia zaidi na kujipenyeza karibu zaidi na wenzao. Walichukua ubora wa breki wakaubadilisha kuwa mwendo.

Hadithi ya Munich ina mwisho ambao haunukuliwi mara nyingi. Kampuni ilipoamua kwamba dereva atachangia gharama za matengenezo, na mwenye rekodi mbaya atafukuzwa, ajali zilipungua. Breki hazikuguswa. Kilichobadilishwa ni hesabu kichwani mwa dereva.

Mwanasaikolojia Gerald Wilde wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, alijenga nadharia juu ya mambo kama haya mwaka 1982. Kwa maoni yake kila mtu ana kiwango cha hatari anachokikubali, na ukimpunguzia hatari upande mmoja ataiongeza upande mwingine hadi arudi kwenye kiwango chake. Wataalamu wengi wanaona amevuta kamba mno. Watu hawarudishi hatari yote, hurudisha sehemu. Lakini alikuwa na mfano mgumu kuupuuza. Tarehe 3 Septemba 1967 Uswidi nzima ilihama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia. Kila mtu alitarajia maafa. Badala yake vifo vilishuka, kwa kuwa kila dereva aliogopa na kila mmoja alitazama mara mbili. Kadiri watu walivyozoea, ajali zilipanda tena, na ndani ya miaka miwili hivi zikawa pale zilipokuwa. Hapakuwa na kinga mpya iliyotiwa garini. Hofu ilikuja, ikakaa kidogo, ikaondoka.

Kanuni za Michuki

Kenya ilipata siku yake ya namna hiyo tarehe 1 Februari 2004. Oktoba ya mwaka uliotangulia, Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano, John Michuki, alikuwa amechapisha Tangazo la Kisheria nambari 161. Kila gari la abiria liwe na kidhibiti mwendo kisichoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kiwe na mkanda. Matatu za aina ya Nissan zibebe watu 14 tu. Hakuna kusimama. Mstari wa manjano uzunguke gari. Dereva avae buluu, makanga avae rangi ya damu ya mzee.

Wenye matatu walidhani ni maneno ya wanasiasa. Siku zilipotimia, magari ambayo hayakuwa tayari yalibaki yameegeshwa, na Wakenya kwa maelfu wakatembea kwenda kazini. Waziri hakurudi nyuma. Magari yalipoanza kurudi barabarani yalikuwa kimya, yamejaa kwa kiasi, na abiria waliokuwa wamezoea kukaa wanne kwenye kiti cha watatu walishangaa kupata nafasi ya kuweka mkoba. Serikali ilitangaza kwamba ajali zilikuwa zimeshuka sana katika miezi ya mwanzo, na aliyesafiri wakati ule hakuwa na sababu ya kubisha.

Kisha mambo yakaenda kama yalivyokwenda Uswidi, lakini kwa njia za kwetu.

Mkanda ulikuwa wa kwanza kupoteza maana. Mingi iliyofungwa kwenye matatu ilikuwa ya bei rahisi. Mingine haikushika, na mingine ilikuwa na uchafu hata mtu akaihofia kanzu yake. Ikazuka desturi inayojulikana kote nchini: makanga akiona kizuizi cha polisi mbele, husema "fungeni mikanda, askari hao," abiria wakajifunga, na walipopita wakafungua. Mkanda ukawa tiketi ya kupita kizuizini.

Kidhibiti mwendo nacho kilipata mafundi wake. Waya ukichomolewa mahali panapofaa, gari linarudi kuwa lilivyokuwa, huku cheti cha ukaguzi kikiendelea kuonyesha kwamba limefungwa. Hata madereva waliokiacha kikifanya kazi walilalamika juu yake: gari lisiloweza kuzidi 80 halina nguvu ya ziada ya kumaliza kulipita lori, na hivyo hubaki upande wa pili wa barabara muda mrefu zaidi. Dereva mwangalifu angejibu hilo kwa kutolipita lori. Lakini hesabu ya tajiri haikupunguzwa eti kwa sababu gari limefungwa kidhibiti, na dakika zilizopotea kwenye mwendo zilitafutwa kwingine: kwenye kupita mahali pasipofaa, kwenye kushusha abiria gari likiwa bado linatembea, na kwenye mita chache za mchanga wa kando ya lami.

Hapa ndipo hali yetu inapotofautiana na ya Munich. Breki za Wajerumani zilikuwa za kweli. Dereva aliongeza mwendo, lakini alikuwa na kitu cha kweli mguuni. Kwetu kinga imekuwa mara nyingi ya jina. Mkanda upo bila kushika, kidhibiti kipo bila kudhibiti, na kibandiko cha ukaguzi kipo kwenye kioo. Kinachobaki ni utulivu wa moyo usio na msingi, na dereva aliyetulia bila msingi ni wa kuogopwa kuliko aliyejua gari lake ni bovu.

Serikali haikukosa kuona. Sheria ya mwaka 2012 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, na vidhibiti vya kidijitali vinavyoweka kumbukumbu ya mwendo vikaagizwa baadaye. Novemba 2018 msako wa nchi nzima ulitangazwa ili kurudisha kanuni zilezile za Michuki. Kwamba kanuni za 2004 zilihitaji kufufuliwa baada ya miaka 14 ni ushahidi tosha wa muda gani zilikuwa zimelala. Michuki mwenyewe alikuwa ameshafariki, Februari 2012.

Kofia ya bodaboda, glovu ya ndondi

Mwishoni mwa miaka ya 2000, ushuru wa pikipiki ndogo ulipoondolewa, pikipiki ziliingia Kilifi kwa wingi ambao hakuna aliyeutarajia. Zilifika kusikofika matatu: Ganze, Bamba, ndani ya Kaloleni, na njia za mchanga kutoka Gede kwenda vijijini. Mjini Malindi ziligawana abiria na tuktuk. Sheria ilitaka kofia ngumu mbili, ya mwendeshaji na ya abiria, pamoja na koti la kuakisi mwanga.

Kofia ngumu iliyofungwa sawasawa si mapambo. Utafiti uliojumlishwa kutoka nchi nyingi unaonyesha kwamba inapunguza hatari ya kufa kwa aliyepanda pikipiki kwa takriban asilimia 40, na majeraha ya kichwa kwa zaidi ya hapo. Lakini tazama inavyovaliwa kati ya Mtwapa na Malindi. Ya mwendeshaji iko kichwani na ukanda wa kidevu unaning'inia. Ya abiria, kama ipo, imetundikwa mkononi mwa pikipiki, kwa kuwa abiria hataki jasho la waliomtangulia. Kofia isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kugonga lami.

Na hata iliyofungwa ina jambo lake. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Ian Walker wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alipanda baiskeli iliyofungwa kipimo cha umbali na kuhesabu magari zaidi ya 2,300 yaliyompita. Alipovaa kofia, madereva walimpita karibu zaidi, kwa wastani wa sentimita 8.5. Walimwona mtu aliyejikinga, wakampunguzia heshima. Basi kinga humbadilisha aliyeivaa na humbadilisha pia anayemwona ameivaa.

Wanamichezo wameyajua haya kwa uchungu. Glovu ya ndondi, iliyoenea baada ya kanuni za Queensberry za mwaka 1867, hulinda kwanza mkono wa anayepiga. Ngumi tupu ikigonga fuvu huvunjika vidole, kwa hiyo mabondia wa zamani walichagua pa kupiga. Mkono ulipokingwa, kichwa kikawa shabaha. Kenya ina sababu ya kulikumbuka hilo: Robert Wangila, Mkenya wa pekee aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki katika ndondi, Seoul 1988, alifariki Julai 1994 huko Las Vegas kutokana na majeraha ya pambano. Katika ndondi za ridhaa kofia za kukinga kichwa ziliingizwa Olimpiki mwaka 1984. Mwaka 2013 shirikisho la dunia likaziondoa kwa wanaume, madaktari wake wakisema kwamba mwenye kofia hujipeleka kwa kichwa mbele bila woga, na kwamba mitikisiko ya ubongo ilikuwa michache bila hizo. Rio 2016 wanaume walipigana vichwa wazi.

Hakuna aliyependekeza kurudi kwenye ngumi tupu, na hakuna anayepaswa kupendekeza kuvua kofia ya bodaboda. Lami haina hiari ya kupiga polepole. Funzo la ulingoni ni dogo na gumu zaidi: ukimkinga mtu, utazame pia atafanya nini na kinga hiyo, na nani atapokea pigo jipya.

Sauti kutoka viti vya nyuma

Kinga iliyofanya kazi kuliko nyingi katika matatu za Kenya haikuwa ya chuma wala ya waya. Ilikuwa karatasi.

Karibu mwaka 2008, wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walijaribu jambo rahisi katika magari ya abiria ya safari ndefu nchini Kenya. Magari zaidi ya 2,000 yaligawanywa kwa kura. Nusu yalibandikwa ndani vibandiko vya kuwahimiza abiria wazungumze dereva akiendesha ovyo, nusu hayakubandikwa. Madereva waliotunza vibandiko waliingizwa katika bahati nasibu ya kila wiki. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2011, madai ya bima ya ajali katika magari yenye vibandiko yalikuwa yamepungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Jaribio la pili, la magari zaidi ya 12,000, lilitoa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015: upungufu wa robo hadi theluthi moja. Mwaka huo kampeni ikapelekwa nchi nzima kwa jina la Zusha.

Kwa nini karatasi ishinde waya? Kidhibiti mwendo kinamwambia dereva kwamba hatari imeshashughulikiwa na mtu mwingine. Abiria anayesema humrudishia dereva hatari mkononi: hawa walio nyuma yangu ni watu, wananiona, na wanaogopa. Dereva wa enzi za kivuko hakuhitaji kuambiwa, maji yalikuwa mbele yake. Dereva wa lami anahitaji.

Kwa watu wa Pwani hili lina ugumu wake. Adabu yetu haipendi kumkemea mtu akiwa kazini mwake, na abiria anayenyanyua sauti huambiwa anunue gari lake. Lakini adabu hiyohiyo ina mlango. Mama mtu mzima akisema, "Mwanangu, punguza, tuna watoto humu," si rahisi kwa kijana wa Kilifi kumjibu vibaya, na mara mmoja akisema, wa pili na wa tatu hupata ulimi.

Njia mbili zinazokuja

Sasa barabara yenyewe inabadilika tena. Mwaka 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi wa barabara ya pwani kutoka Bagamoyo, Tanzania, hadi Malindi, na kipande cha Mombasa hadi Kilifi kupitia Mtwapa na Kwa Kadzengo kimo ndani yake. Barabara itakuwa pana zaidi, na njia za kwenda na kurudi zitatenganishwa pale patakapokamilika. Magari yanayokutana uso kwa uso, ajali ya kutisha kuliko zote katika njia hii, yatapungua. Hilo ni jambo la kushukuru.

Lakini tumeshaona inavyokuwa. Barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012, mwendo ulipanda mara moja, na watu waliozoea kuvuka kwa miguu wakajikuta mbele ya njia nyingi za magari yanayokimbia. Wengi walikufa kabla ya madaraja ya waenda kwa miguu kutosha. Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao ni watembea kwa miguu. Kati ya Mtwapa na Kilifi wapo watoto wa shule, wauza madafu na wazee wanaokwenda msikitini, na hakuna hata mmoja wao mwenye mkanda.

Kwa hiyo mambo matatu yafanyike, na yafanyike pamoja na lami, si baada yake. Wanaojenga waweke vivuko vya juu na matuta kwenye kila kituo cha biashara kabla ya kufungua njia, na kilomita 50 kwa saa za mijini zilindwe kwa matuta, si kwa kibao tu. Wenye magari wabadilishe hesabu: dereva alipwe mshahara, na aliyefika bila mkwaruzo athaminiwe kuliko aliyeleta safari ya ziada, kama Munich walivyojifunza. Na abiria asingoje kibandiko.

Hesabu ya mwisho ni ya kila mtu anayepanda gari steji ya Mombasa. Kwa kilomita 80 kwa saa bila kusimama, kilomita 120 za Malindi ni dakika 90. Kwa kilomita 100 ni dakika 72. Dakika 18 ndiyo faida yote ya kukimbia, na kwa ajili yake nguvu ya mgongano huongezeka kwa zaidi ya nusu. Gari likivuka 80, mwambie dereva apunguze, na umwambie mapema, kabla ya Vipingo.